Ngozi ya Mgeni: Nani Anaitazama, na kwa Nia Gani

Mwaka 1725 Papa Benedikto wa 13 alianzisha hospitali katika mtaa wa Trastevere, Roma, kwa ajili ya masikini wenye maradhi ya ngozi. Wenye upele, wenye mapunye, wenye ukoma na wale waliodhaniwa tu kuwa na ukoma hawakutakiwa kwingine, basi wakapewa mlango wao. Hospitali hiyo inaitwa San Gallicano. Katika miaka ya 1980 madaktari wake walianza kuwapokea wahamiaji wasio na vibali vya kukaa Italia, na mwaka 2007 serikali ikaanzisha hapohapo taasisi ya taifa inayoshughulikia afya ya wahamiaji na ya watu masikini.

Kati ya idara zote za tiba, iliyoishia kuwa nyumba ya wahamiaji ni idara ya ngozi. Sidhani ni bahati tu. Safari ya jangwani, kulala watu kumi chumba cha wawili, kushinda na nguo moja wiki nzima, vyote hivyo huonekana kwanza kwenye ngozi. Tena ngozi haina aibu nzito. Mtu anaweza kumwambia daktari "nawashwa" bila kueleza alilala wapi wala alilala na nani. Na kwa kuwa Italia ujuzi wa ngozi na ujuzi wa magonjwa ya zinaa husomewa pamoja kama taaluma moja, akishavua shati yuko mbele ya mtu anayejua mambo yote mawili. Kaswende iliyofika hatua ya pili, ile inayotoa vipele mpaka viganjani na nyayoni, itatambuliwa na macho yaleyale yaliyokuwa yakitafuta upele wa kawaida.

Lakini kuunganisha ngozi na zinaa si jambo jema kwa lenyewe. Mapokeo mengine, yenye nguvu kuliko ya Roma, yaliviunganisha viwili hivyo kwa nia nyingine kabisa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1891 iliwazuia kuingia nchini watu wenye magonjwa ya kuambukiza yaliyoitwa ya kuchukiza au ya hatari. Katika kisiwa cha Ellis, kilichofunguliwa mwaka uliofuata bandarini New York, madaktari waliwapanga abiria foleni na kuwatazama wakipita: macho, kichwa, mikono, mwendo. Walitafuta favus, aina ya mapunye yenye magamba ya manjano. Walitafuta pia ukoma na kaswende. Aliyekutwa na alama aliandikwa chaki begani, akatolewa pembeni.

Mapokeo hayo hayajafa. Marekani iliwafungia mlango wageni wenye VVU mpaka mwanzoni mwa 2010. Mwaka 2016 iliyaondoa magonjwa matatu ya zinaa kwenye orodha yake ya vizuizi, pangusa likiwemo, lakini ikabakisha kaswende, kisonono na ukoma unaoambukiza. Mkimbizi wa Kongo aliyekaa miaka ishirini katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu nchini Tanzania, akingoja kuhamishiwa Marekani alipimwa kwa ajili ya hayo. Dada wa Mombasa au wa Mukono anayekwenda kufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba naye hupimwa kabla ya kupewa viza: VVU, homa ya ini, kaswende, ukoma, hata mimba. Na akifika hupimwa tena, akikutwa na VVU hurudishwa alikotoka.

Nisieleweke vibaya. Kupima si dhambi, na mtu aliyegunduliwa kaswende changa akiwa bado Kasulu anaweza kutibiwa kwa sindano moja ya penisilini ya benzathini na safari yake ikaendelea. Shida ni fundisho ambalo vipimo hivyo huwaachia watu. Anayejua kwamba jibu la maabara linaweza kumfutia safari, atatangulia duka la dawa kabla ya kwenda hospitali. Atameza alichoambiwa na jirani, na akiulizwa na daktari atasema hajawahi kuumwa. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mipaka imeugeuza usemi huo: mgeni aje akiwa amepona tayari, na athibitishe.

Waingereza walilijua jambo hili kwa gharama. Kuanzia mwaka 1864 sheria zao ziliwaruhusu polisi katika miji ya kambi za jeshi kumkamata mwanamke yeyote waliyemdhania kuwa kahaba, akapimwe kwa nguvu, na akikutwa mgonjwa afungiwe hospitali. Wanaume, yaani wanajeshi wenyewe, hawakuguswa. Mwanaharakati Josephine Butler na wenzake walizipinga sheria hizo mpaka zikafutwa mwaka 1886. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto, mwaka 1916, serikali ilichagua njia ya kinyume: kliniki za magonjwa ya zinaa nchi nzima, bila malipo na kwa siri. Hawakuwa wamepata wema ghafla. Walikuwa wameona kwamba anayelazimishwa hujificha, na anayejificha huambukiza.

Mapokeo hayo ya kliniki ya siri ndiyo yanayomsaidia leo mwomba hifadhi aliyepangiwa chumba Birmingham au Glasgow. Nchini Uingereza mgeni anaweza kutozwa pesa nyingi kwa matibabu ya hospitali, lakini kupimwa na kutibiwa gonjwa la zinaa hakutozwi, awe na kibali au asiwe nacho, na huko England, tangu Oktoba 2012, tiba ya VVU nayo imeingia humo. Ila Waingereza, tofauti na majirani zao wa bara, walitenganisha: ngozi ina daktari wake, zinaa ina wake. Mwenye vipele mwilini aende kwa daktari wa mtaa, asubiri rufaa. Mwenye kidonda sehemu za siri aende kliniki nyingine. Kwa mwenyeji huo ni usumbufu mdogo. Kwa mwanamke wa Bukavu ambaye hajui Kiingereza, kuchagua mlango ni sawa na kukiri mbele ya watu tatizo lake ni lipi. Kwa hiyo hachagui wowote.

Ujerumani ina kinyume chake. Huko kibao cha daktari huandikwa magonjwa ya ngozi na ya zinaa kwa pamoja, urithi wa karne ya 19 ambapo kaswende ndiyo iliyokuwa mwalimu mkuu wa madaktari wa ngozi wa Vienna na Berlin. Mlango ni mmoja, ila umewekewa bawabu. Sheria ya mwaka 1993 inampa mwomba hifadhi, katika kipindi chake cha kwanza, matibabu ya ugonjwa wa ghafla na wa maumivu tu, pamoja na chanjo na huduma za uzazi. Kipindi hicho kimekuwa kikibadilishwa, na mwaka 2024 kikafikishwa miezi 36. Sasa fikiria pumu ya ngozi. Si ya ghafla, haiui, na maumivu yake ni muwasho. Inamnyima mtu usingizi miaka mitatu, na mara nyingi karani ndiye wa kuamua kama inastahili cheti cha matibabu. Ajabu ni kwamba nchi hiyohiyo ina ofisi za afya za wilaya ambako mtu yeyote anaweza kupimwa magonjwa ya zinaa bila kutaja jina. Asiye na vibali kabisa ana tatizo la ziada: ofisi ya ustawi inayolipia matibabu ya kawaida inatakiwa kisheria kuwataarifu watu wa uhamiaji.

Hapo ndipo Italia inapozidi wenzake, na sababu si hospitali ya Papa. Sheria yao ya mwaka 1998 ilimpa mhamiaji asiye na vibali namba ya muda ya matibabu, ikampa haki ya huduma za lazima, kinga na tiba ya magonjwa ya kuambukiza zikiwemo, na ikakataza kumripoti kwa mamlaka kwa sababu tu amekwenda kutibiwa. Mwaka 2009 bunge lilipotaka kuondoa katazo hilo, madaktari na wauguzi waliinuka kupinga, wakisema wao ni waganga na si majasusi. Kifungu kikaachwa. Ningekuwa na nafasi ya kuchukua kitu kimoja tu kutoka Ulaya nikilete huku kwetu, ningechukua katazo hilo, kabla ya dawa yoyote na kabla ya mashine yoyote.

Nasema kuleta huku kwa tahadhari, maana katika kazi yenyewe ya kutibu huku kwetu hatujawa wanafunzi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti katika mkoa wa Mwanza walijaribu jambo lililoonekana la kawaida mno. Wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya vijijini walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili: mtu akija na usaha au kidonda, apewe siku hiyohiyo dawa za visababishi vyote vinavyowezekana, bila kungoja maabara ambayo haipo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika jamii zilizopata huduma hiyo maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii zilizolinganishwa nazo. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 1999 na uliogawa dawa kwa watu wote kwa pamoja, haukuona VVU ikipungua, na wataalamu walibishana miaka mingi kwa nini. Kwa hoja yangu ubishi huo una uzito mdogo. Mwanza ilionyesha kwamba tabibu wa kijijini, akiwa na dawa sahihi na adabu, anatosha.

Matokeo ya Mwanza yakiwa hayajachapishwa, ikaja Aprili 1994. Katika muda wa takriban saa 24, tarehe 28 na 29, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia wilaya ya Ngara. Kambi yao ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla haijawa na vyoo. Wahisani walileta maji, mahindi, chanjo ya surua na dawa za kipindupindu, na ni sawa walianza na hayo. Waliofikiri juu ya magonjwa ya zinaa walikuwa wachache, lakini uzoefu wa Mwanza ulikuwa karibu, ng'ambo tu ya Ziwa Victoria, na shirika la AMREF lililokuwa limeshiriki kule lilipeleka tathmini na huduma kambini. Kutokana na uzoefu wa miaka hiyo ya Maziwa Makuu na ya vita vya Bosnia, mashirika yalikubaliana juu ya kifurushi cha kwanza cha huduma za afya ya uzazi wakati wa dharura, kilichoingia kwenye mwongozo wao wa mwaka 1999: kondomu, damu salama, tiba kwa waliobakwa, uzazi salama.

Kifurushi hicho kimeokoa watu, lakini kina tundu ambalo ukishaliona huachi kuliona. Afya ya zinaa iliingizwa kwenye afya ya uzazi, ikawa mambo ya mama na mtoto. Ngozi ikabaki kule kwa wagonjwa wa nje, mstari mmoja kwenye rejista, "magonjwa ya ngozi", mstari mrefu kuliko karibu yote lakini usio na mwenyewe. Anayetazama vipele haulizi juu ya zinaa. Anayeuliza juu ya zinaa amekaa kwenye kliniki ya wajawazito, na kijana wa kiume wa miaka 19 hawezi kuingia humo hata kwa kuburutwa.

Gharama ya tundu hilo ilionekana Kamituga. Katika mji huo wa machimbo ya dhahabu, Kivu Kusini, aina mpya ya virusi vya mpox ilianza kuonekana Septemba 2023, ikienea kwa ngono na kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Vidonda vya wengi vilianzia sehemu za siri. Je, mwenye vidonda hivyo ni mgonjwa wa ngozi au wa zinaa? Virusi havikungoja jibu. Katikati ya 2024 vilikuwa vimefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, na tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Viliingia pia kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma, ambako hema moja lililala familia nzima, na Goma ilipotekwa Januari 2025 wagonjwa waliokuwa wametengwa vituoni walikimbia pamoja na wengine wote.

Sasa twende Moshi, Tanzania, ambako ngozi na zinaa havikutenganishwa. Tangu mwaka 1992 kuna chuo cha kanda katika hospitali ya KCMC kinachowachukua maafisa tabibu na wauguzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuwafundisha kwa miaka miwili ngozi, magonjwa ya zinaa na ukoma pamoja. Mwanzilishi wake, Henning Grossmann, alikuwa daktari Mjerumani, na mtu anaweza kusema mapokeo ya Vienna na Berlin ndiyo yaliyopandishwa Kilimanjaro. Lakini yalipopanda yalibadilika. Hayakubaki mali ya daktari bingwa. Yalikabidhiwa kwa tabibu ambaye kesho yake anarudi wilayani. Na kuna faida nyingine isiyosemwa sana: Moshi mtu hujifunza magonjwa kwenye ngozi nyeusi. Vitabu vya Ulaya vimefundisha vizazi kutafuta wekundu, na wekundu kwenye ngozi ya Mnyamulenge au Msomali huonekana kama zambarau, au kijivu, au hauonekani. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa na walimu wake mwongozo wa dalili kwenye ngozi nyeusi kwa sababu darasani hakuonyeshwa. Wahitimu wa Moshi wangemcheka kwa upole.

Tabibu wa namna hiyo angejua pia kuuliza juu ya mkorogo. Wanawake wengi, na wanaume wasiokiri, husafiri na krimu zao za kung'arisha, nyingine zikiwa na dawa kali za steroidi. Krimu hizo hupoza choa kwa siku chache na kukipa nafasi ya kusambaa mpaka kisifanane tena na choa. Daktari wa Ulaya asiyejua mkorogo atatibu kitu kingine kwa miezi.

Pengo ambalo chuo hakiwezi kuliziba ni la mazungumzo. Pwani yetu ilikuwa na mapokeo yake. Msichana hakufundishwa mambo ya mwili na mama yake. Alifundishwa na somo au kungwi, mtu mzima asiye mama, aliyefungwa na siri ya unyago. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago. Busara ya mpango ule ni kwamba mwenye habari za mwili wako asiwe mtu anayekulisha wala anayekuoza. Linganisha na kambi au kituo cha mapokezi ambapo mkalimani ni binti wa mgonjwa mwenye miaka 12, au ni jamaa wa kabila lake atakayekutana naye kesho kwenye foleni ya maji. Wajerumani wa Hanover, tangu mwaka 2003, wamekuwa wakiwafundisha wahamiaji wenyewe wawe waelekezaji wa afya kwa lugha zao. Waitaliano wana wapatanishi wa utamaduni. Wote wanatafuta somo, ingawa hawamjui kwa jina hilo.

Hata hivyo nisiusifu unyago kupita kiasi. Ulimwandaa mtu kwa ndoa. Mwanamume aliyebakwa gerezani Libya, msichana asiye na mpango wa kuolewa, kijana anayelala na wanaume wenzake: hao hawana somo, na wengi wa makungwi wasingewapokea. Kwao kliniki ya namba bila jina ya Waingereza ni bora kuliko mapokeo yetu yote.

Njia ya Mwanza nayo ina doa linaloonekana zaidi kambini. Uchafu ukeni mara nyingi si ugonjwa wa zinaa, wakati klamidia kwa wanawake wengi haina dalili. Ukifuata dalili peke yake, utamkosa mgonjwa na utamwambia asiye mgonjwa kwamba amlete mumewe atibiwe. Ndani ya hema, maneno hayo yanaweza kuvunja ndoa au kuvunja mkono. Vipimo vya haraka vya kaswende na VVU sasa ni rahisi na havihitaji maabara. Vya kisonono na klamidia bado ni ghali, na ndivyo wahisani wangepaswa kugharamia badala ya mabango.

Upele una ugumu wa aina yake: kumtibu mtu mmoja ni kupoteza dawa. Kaya nzima ipakwe siku moja, nguo na matandiko yafuliwe, irudiwe baada ya wiki. Huko Moria, katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki, kambi iliyojengewa watu kama 3,000 ilikuwa na takriban 20,000 mwanzoni mwa 2020. Daktari angeandika nini pale? Maji na nafasi haviandikwi kwenye cheti.

Kwa upande wa mlango, Uganda ndiyo iliyokaribia kupatia. Chini ya sheria yake ya mwaka 2006 na mipango ya afya iliyofuata, mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali hutibiwa katika kituo kilekile anachotibiwa mwanakijiji, kwa dawa zilezile. Hakuna kliniki ya wakimbizi ya kunyooshewa kidole. Ubaya wake ni kwamba dawa zikiisha zinaisha kwa wote, na misaada ilipokatwa mwaka 2025 wenyeji walianza kuhesabu ni nani aliyezimaliza.

Linabaki suala la safari yenyewe, maana mhamiaji hatulii penye faili lake. Mwaka 1924 mataifa kadhaa yalitia saini mjini Brussels makubaliano ya kuwatibu mabaharia magonjwa ya zinaa katika bandari zao kuu, bure, bila kuuliza uraia. Kila mgonjwa alipewa kadi yake binafsi yenye maelezo ya ugonjwa na tiba, aendelee na dozi bandari inayofuata. Karne moja baadaye mfanyakazi wa ndani anayetoka Muscat kwa kawaida hana kadi kama hiyo, wala mkimbizi anayetoka Kakuma kwenda Toronto. Na kwa kaswende kadi si anasa. Aliyewahi kuugua akapona hubaki na kingamwili ambazo baadhi ya vipimo vitazionyesha maisha yake yote, kwa hiyo kila mpaka mpya utamwita mgonjwa, atachomwa sindano upya au atanyimwa kazi. Daftari la shule ambalo wagonjwa wa Tanzania na Uganda hubeba waendapo zahanati lingeweza kuifanya kazi hiyo, kama kurasa za zinaa zingeandikwa kwa namba ambazo tabibu wa upande wa pili anazielewa na mume, wakala au askari wa mpakani hazielewi: kipimo gani, kiwango gani, dozi gani, tarehe gani.